Mvivu, Mlevi au Mgonjwa? Majibu kwa Wanaowasema Walioacha Chuo

Mwanafunzi akitoweka chuoni, faili lake hubaki na maneno mawili matatu: "hakuripoti", au "ana deni la karo". Kutoka hapo kila mtu hujaza pengo apendavyo. Mzee wa mtaa atasema kijana alizama kwenye pombe, shangazi atasema alirogwa, mhadhiri atasema hakuwa tayari kwa chuo kikuu, na mwanasiasa atalaumu mfumo wa ufadhili. Huku kwetu Nakuru mazungumzo haya hayaishi. Egerton iko Njoro, Kabarak iko kwenye barabara ya kwenda Eldama Ravine, Laikipia iko upande wa Nyahururu, na matawi ya vyuo vingine yamejaa katikati ya jiji la Nakuru. Ni nadra kupata ukoo usio na mtu aliyeanza chuo asimalize.

Madai haya yana chembe za ukweli, ndiyo maana yanadumu. Ila karibu yote huruka swali moja: wiki chache kabla kijana hajapotea, afya yake, ya mwili na ya akili, ilikuwaje? Nitayajibu moja moja, na sitayapa nafasi sawa kwa sababu uzito wake si sawa.

"Ni karo tu, mengine ni visingizio."

Hili ndilo zito kuliko yote. Tangu mfumo mpya wa ufadhili utangazwe Mei 2023, wanaoingia chuoni wamekuwa wakipangwa kwa bendi kulingana na uwezo wa familia. Desemba 2024 Mahakama Kuu ikasema mfumo huo unakiuka Katiba, kisha Mahakama ya Rufaa ikausimamisha uamuzi huo. Mzazi wa Kuresoi au Subukia aliyetaka tu kujua atalipa ngapi muhula ujao aliachwa njia panda. Karo huwatoa watu chuoni, na sina ubishi hapo.

Lakini uliza karo yenyewe ilikwenda wapi. Katika nyumba nyingi za wakulima wadogo wa Molo, Bahati au Rongai, pesa za karo na pesa za hospitali hutoka mfuko mmoja: mahindi, viazi, maziwa, na mambo yakizidi, ng'ombe mwenyewe. Baba akianza kusafishwa figo, au mama akilazwa wiki tatu, mfuko huo haubaki na kitu. Chuo kitaandika deni la karo. Hakitaandika figo.

Upo pia ugonjwa wa mwanafunzi mwenyewe, ambao huzaa karo mpya kwa njia ambayo asiyesoma chuo cha umma anaweza kudhani ni hadithi ya kutungwa. Chukua kijana wa mwaka wa pili anayepatwa na homa wiki ya sita ya muhula. Nauli ya kwenda mjini hana, foleni ya zahanati ni ndefu, na mwenzake wa chumba anamwambia aende kemisti. Anatolewa damu kidogo, anaambiwa ana taifodi, pengine na brusela juu yake. Kipimo cha Widal, ambacho bado kinatumika sana mitaani, kinajulikana kwa kutoa majibu ya uongo, kwa hiyo kijana anaweza kumeza dawa za taifodi mara tatu kwa mwaka bila kuwahi kuugua taifodi. Anapata nafuu, anaanguka tena. Ikifika wiki ya tisa ameshakosa majaribio mawili ya muhula, yaani CAT, na mahudhurio yake yameshuka chini ya kiwango, ambacho kwenye vyuo vingi ni theluthi mbili au robo tatu ya vipindi.

Kanuni zinamruhusu kuomba mtihani maalumu, mradi alete barua ya hospitali yenye muhuri, tena ndani ya muda uliowekwa. Kemisti haitoi barua. Basi homa inageuka sufuri. Anafeli masomo mawili, na moja kati ya hayo hufundishwa mara moja tu kwa mwaka. Bila kulipita hawezi kuchukua mengine ya mwaka wa tatu. Masomo yameongezeka mwaka mzima, na mwaka una kodi, chakula na ada. Mwishoni ataondoka "kwa sababu ya karo", na wanaohesabu waliokosa karo watakuwa wamempata mtu mwingine wa kuongeza.

"Vijana wa siku hizi ni laini. Sisi tulisoma kwa koroboi."

Koroboi ilikuwa ya shule ya msingi, mzee wangu. Ulipofika chuo kikuu miaka ya 1970 na 1980, Serikali ilikupa kitanda, ikakulisha, na juu yake ikakupa posho mliyoiita bumu. Chakula hicho kiliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1990, enzi za sera ya kugawana gharama iliyosukumwa na Benki ya Dunia, na mwanafunzi akaanza kulipia kila sahani. Kwa hiyo anayejisifu kwamba alivumilia anasahau kutaja alikuwa akivumilia akiwa ameshiba. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Hesabu ya leo ni hii. Mkopo wa kujikimu katika mfumo mpya umepangwa kati ya shilingi 40,000 na 60,000 kwa mwaka, kutegemea bendi. Gawanya kwa siku 270 za miezi tisa ya masomo: unapata kati ya shilingi 148 na 222 kwa siku, kodi ya bedsita ikiwa humo humo, pamoja na nauli, bando za simu na karatasi za kunakilisha. Ndipo unaelewa kwa nini mlo wa siku ni chapati na dengu jioni, na asubuhi ni chai ya rangi. Wanafunzi wenyewe hulalamikia "alsas" kila kukicha. Vidonda vingi vya tumbo husababishwa na bakteria, si njaa, lakini tumbo tupu huchochea maumivu, na hakuna anayefuatilia mhadhara wa saa tatu akiwa amejikunja.

Na huo ulaini wenyewe ni nini? Mwaka 2009 mtafiti wa Marekani Daniel Eisenberg na wenzake walichapisha utafiti uliowafuatilia wanafunzi wa chuo kikuu kimoja, wakaona kwamba sonona hutabiri alama za chini na uwezekano mkubwa zaidi wa kuacha masomo. Katika utafiti huo kuna jambo dogo ambalo ningependa libandikwe kwenye mlango wa kila idara. Kati ya dalili kuu mbili za sonona, iliyobeba uzito kwenye alama haikuwa huzuni. Ilikuwa ile hali ya mtu kutoona raha wala maana katika jambo lolote. Mwenye huzuni atalia, na mtu atamuuliza ana nini. Asiyeona maana ya kitu atalala mpaka saa nne, atakosa vipindi, hatajibu ujumbe, na hatajali ukimgombeza. Ukimtazama kwa nje, huyo ni mvivu. Ndivyo anavyoitwa nyumbani na ndivyo anavyoitwa chuoni.

Hapa Kenya, Caleb Othieno na wenzake walichapisha mwaka 2014 matokeo ya utafiti wao kwa wanafunzi 923 wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Asilimia 35.7 walikuwa na dalili za sonona za kiwango cha wastani, na asilimia 5.6 walikuwa na dalili kali. Zilikuwa nyingi zaidi kwa wa mwaka wa kwanza, waliokwisha kuoa au kuolewa, wasio na uwezo wa kifedha, na wanaoishi nje ya chuo. Nairobi si Njoro, sawa. Lakini nenda Njokerio, pale nje ya Egerton, utazame safu za vyumba vya kupanga, kisha uisome orodha hiyo tena. Yuko kijana wa miaka 18 aliyetoka Lodwar au Kilifi akashushwa mahali palipo zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari bila sweta ya maana, na pumu yake, iliyokuwa imelala tangu utotoni, ikaamshwa na baridi ya alfajiri. Hana ndugu kaunti nzima. Chumba anakijua yeye na mwenye nyumba tu. Na hata wenyeji wana yao: wapo wanaoona aibu kusimama mbele ya darasa kwa ajili ya meno yaliyopakwa kahawia na floridi ya maji ya visima vya Bonde la Ufa. Hilo nalo litaandikwa wapi?

"Ni pombe, muguka na kamari."

Sitawatetea wanaouza vileo hatua chache kutoka lango la chuo, wala sitasema pombe haivunji masomo. Inavunja, na wengine inawaua. Ninachopinga ni mpangilio wa matukio. Tunasimulia kana kwamba kijana alikuwa mzima wa afya, akakutana na chupa, akaharibika. Kwa wengi njia ilianzia kwingine: usingizi uliokataa kuja baada ya msiba, deni la kodi, matokeo mabaya ya muhula wa kwanza. Pombe ilikuwa dawa ya usingizi ya bei nafuu, muguka ikawa dawa ya kukesha kabla ya mtihani, na kamari ya simu ikawa tumaini la kulipa kodi. Ukimfukuza chuoni kwa sababu ya chupa, umeondoa dalili na kuupeleka ugonjwa nyumbani kwa mamake.

Na vyuo vikifungwa? Wahadhiri wa vyuo vya umma waligoma tangu Septemba 17, 2025 hadi mwanzoni mwa Novemba. Kwa wiki hizo saba mwenye nyumba alikuja kuchukua kodi kama kawaida. Kijana asiye na kipindi, asiye na nauli ya kurudi kwao, na mwenye deni, ulitaka afanye nini mchana kutwa?

"Chuo kina zahanati na mshauri nasaha. Asiyekwenda, shauri yake."

Vipo, na wanaofanya kazi humo wengi wao ni watu wenye moyo. Tatizo ni njia ya kuwafikia. Zahanati ya chuo huwa na nguvu saa za kazi, wakati ambao mwanafunzi yuko darasani akiogopa kupoteza mahudhurio. Dawa zikiisha huandikiwa akanunue nje. Tangu Oktoba 2024 bima ya SHA imechukua nafasi ya NHIF, na kwa asiye na mshahara mchango wa chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, ambao kwa kawaida hudaiwa wa mwaka mzima kwa mkupuo. Shilingi 3,600 kwa mkupuo ni pesa ambazo yule wa shilingi 148 kwa siku haoni zitoke wapi, hasa mzazi wake akiwa naye hajalipa. Hospitali kuu ya rufaa ya kaunti, ile ambayo wakazi bado huiita PGH, iko Nakuru mjini, na kutoka Egerton hiyo ni safari ya matatu kwenda na kurudi.

Kuhusu mshauri nasaha, tazama mlango wake uko wapi. Katika vyuo vingi kitengo cha ushauri kiko chini ya ofisi inayosimamia wanafunzi, ofisi ile ile inayoshughulikia nidhamu. Mwanafunzi anayetaka kusema kwamba hajalala wiki mbili, au kwamba amekuwa akinywa, aketi kwenye benchi moja na walioitwa kujieleza kwa kupigana bwenini. Wenzake wakipita, watahesabu wenyewe. Mimi nisingekwenda.

Kulikuwa na kizuizi kikubwa zaidi, ambacho wengi hawakukijua mpaka kiliposogezwa. Kifungu cha 226 cha Sheria ya Adhabu kilimfanya mtu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, na adhabu yake ilifika kifungo cha miaka miwili. Januari 9, 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alisema kifungu hicho kinakiuka Katiba. Miaka yote ya kabla ya hapo tulikuwa tukimwambia kijana "sema, usinyamaze", huku sheria ikimngoja mlangoni. Hofu ya namna hiyo haiishi kwa hukumu moja. Ni lazima mtu aitangaze habari hiyo kwenye mabango ya chuo, kwa Kiswahili na kwa maneno mafupi, na sidhani mabango yamejaa.

Wengine husema haya ni mambo ya kuombewa tu. Sina haja ya kubishana na maombi. Mchungaji na imamu mara nyingi ndio wa kwanza kuambiwa, kabla ya daktari yeyote, na mchungaji anayejua namba ya hospitali amewafaa vijana wengi. Asiyeijua ajifunze.

"Wasichana huondolewa na mimba. Hilo ni la kujitakia."

Mimba huchukua miezi tisa, na masomo ya shahada miaka minne au zaidi. Kwa hesabu hiyo peke yake, mimba haiwezi kumaliza masomo ya mtu. Kinachoyamaliza ni kinachofuata: bweni lisilopokea mtoto, chumba cha nje ambacho sasa lazima kimweke na yaya, kliniki ya mtoto inayogongana na CAT, na baba mtoto ambaye yeye hajakosa kipindi hata kimoja. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka kila mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea. Vyuo vikuu ni waajiri. Karani wa chuo akijifungua, sheria inamtambua. Mwanafunzi anayepita mlango huo huo akiwa na mtoto mgongoni hatajwi.

Na kabla hata ya mimba kuna hedhi. Mwaka huo huo wa 2017, Sheria ya Elimu ya Msingi ilirekebishwa ili wasichana wa shule wapewe sodo bure. Msichana akishafanya KCSE, haki hiyo huishia hapo, kana kwamba mwili umehitimu. Ambaye maumivu yake humlaza siku mbili kila mwezi hukosa vipindi viwili au vitatu kila mwezi, na kwa kiwango cha robo tatu ya mahudhurio, nafasi inayombakia ya kuugua kitu kingine ni finyu.

"Akipona atarudi. Chuo hakikimbii."

Vincent Tinto, Mmarekani aliyeandika nadharia maarufu ya uachaji masomo mwaka 1975, alieleza kwamba kuondoka chuoni hutokea polepole, nyuzi zinazomshikilia mtu kwa masomo na kwa wenzake zikikatika mmoja baada ya mwingine. Jambo hilo halihitaji profesa. Anayekaa nyumbani Elburgon mwaka mmoja akirudi, darasa lake limetangulia, namba yake haimo kwenye kundi la WhatsApp, na hakuna wa kumwambia mhadhiri amebadilisha ukumbi. Tena aliyeondoka bila kuomba ruhusa rasmi ya kuahirisha masomo hukuta jina lake halipo kabisa. Na wanaoondoka kwa ugonjwa wa akili ndio wasioomba ruhusa, maana barua ya kuomba ruhusa ni kazi ya mtu anayeweza kuamka, kupanga foleni na kupata sahihi tatu katika ofisi tatu.

Ni kweli wapo wanaorudi. Ukiwauliza ni nani aliyewarudisha, mara nyingi utatajiwa mtu mmoja tu: rafiki aliyekuwa akipiga simu kila Jumapili, au mhadhiri aliyekataa kuwafuta kwenye orodha.

Limebaki dai la wasimamizi, linalosemwa kwa upole kwenye mikutano: chuo kikuu si hospitali, kazi yake ni kufundisha na kutafiti, na hata kingetaka kufanya zaidi, pesa hazipo.

Pesa hazipo kweli. Vyuo vya umma vimelemewa na madeni ya mabilioni. Lakini tuangalie utafiti. Karibu na Egerton, kituo cha utafiti wa kilimo cha KALRO Njoro kimekuwa tangu miaka ya 2000 kikipima kila msimu maelfu ya aina za ngano kutoka nchi nyingi, kuona zipi zinashikwa na kutu ya shina, ile ya Ug99 iliyogunduliwa Uganda mwishoni mwa miaka ya 1990. Wataalamu hupita mstari kwa mstari, wakiandika kila doa mmea ungali hai. Egerton yenyewe ilianza mwaka 1939 kama shule ya kilimo. Eneo hili linajua, kuliko mengi barani, maana ya kuandika dalili mapema. Mwanafunzi ndiye asiyeandikiwa.

Na mengi ya kurekebisha hayadai jengo. Fomu ya anayeondoka inaweza kuongezewa mistari miwili: uliugua nini, nani aliugua nyumbani. Kanuni ya mtihani maalumu inaweza kukubali barua ya afisa wa kliniki wa kituo chochote kilichosajiliwa, na kuongeza muda kwa aliyelazwa. Mshauri nasaha anaweza kuhamishiwa chumba cha maktaba, ambako hakuna anayeulizwa alifuata nini. Mwanafunzi anayenyonyesha anaweza kuruhusiwa kutumia chumba ambacho sheria imeshakidai kwa ajili ya karani.

Na juu ya hayo, simu ya kumtafuta aliyepotea. Kila darasa lina mwakilishi anayezungusha karatasi ya mahudhurio, mwenye namba za simu za wote, na anayejua kabla ya mhadhiri yeyote kwamba fulani hajaonekana wiki mbili. Leo akilijua hilo hana ofisi ya kulipeleka ambayo haitalifanya kosa la nidhamu.